Pua Si Cheti cha Ukoo

Wapendwa wa Ngara na Biharamulo, wa Rulenge na Nyakahura, wa Kabanga na Lusahunga, na nyinyi madereva mnaolala Benaco mkisubiri kuvuka Rusumo, fungueni waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya kwanza, mstari wa nne. Sitawasomea, Biblia mnazo. Paulo anamwonya kijana wake asiwaache watu wazame katika hadithi za kutunga na orodha za vizazi zisizo na mwisho. Miaka mingi niliuruka mstari ule, nikidhani ni ugomvi wa Waefeso na watu wao, hautuhusu. Leo naungama kwamba unatuhusu kuliko Waefeso. Ipo orodha ya vizazi iliyotungwa kwa ajili yetu, na aliyeitunga alipita hapahapa kwa miguu yake, na mto tunaochota maji umeshabeba matunda yake.

Nianze na kibanda cha chipsi. Wiki mbili kabla ya Pasaka nilikuwa stendi nasubiri Hiace ijae. Vijana wanne wamebanana kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, mafuta ya chipsi vidoleni. Kwenye simu Mzungu anazungumza, juu yake amewekewa sauti ya Kiswahili, anaeleza kwamba piramidi za Misri zimepangwa kufuata nyota, na kwa kuwa watu wa zama zile hawakuwa na akili ya kupanga hivyo, basi lazima walikuja walimu kutoka mbali, pengine kutoka huko kwenye nyota zenyewe. Kijana mmoja aliponiona akainuka kunipa kigoda. "Shikamoo, mzee. Umesikia? Kumbe Wamisri walifundishwa!" Nikaitikia, nikamwuliza, "Nani aliona?" Akacheka kwa adabu. "Mzee, si wameeleza hapa?"

Si wameeleza hapa! Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonikosesha usingizi, nami nayaandikia mahubiri haya, maana Mungu hakutupa masikio tu, ametupa na ulimi wa kuuliza.

Hadithi ile si mpya. Mwaka 1968 Mswisi mmoja, Erich von Däniken, aliyekuwa meneja wa hoteli huko Davos, alitoa kitabu kilichosema miungu ya watu wa kale ilikuwa wasafiri wa anga. Kiliuzwa kama maandazi ya asubuhi. Baadaye akaja Graham Hancock, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliishi jirani yetu Nairobi akiandikia The Economist habari za Afrika Mashariki. Huyu hasemi viumbe wa anga. Kitabu chake cha mwaka 1995, Fingerprints of the Gods, kinasema palikuwa na ustaarabu mkubwa uliogharikishwa, na walionusurika wakazunguka dunia kufundisha wengine nyota na ujenzi. Ana kalamu tamu, sitamnyima haki yake. Ukianza ukurasa wake huweki chini. Ila walimu wake hao waliozunguka dunia nzima hawajaacha chungu kimoja walichopikia.

Waliojenga wameacha. Mwaka 2013 watu wa Mfaransa Pierre Tallet walifukua Wadi al-Jarf, kando ya Bahari ya Shamu, wakapata mafunjo ya mtu aitwaye Merer. Merer alisimamia kikosi cha watu kama 40 zama za Farao Khufu, yapata miaka 4,500 iliyopita. Aliandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe ya chokaa machimbo ya Tura, leo tumesafiri kwa mashua, leo tumelala njiani, leo tumeshusha Giza. Hamna nyota iliyoshuka humo. Ni daftari la msimamizi! Yeyote kati yenu aliyewahi kuandika mahudhurio ya vibarua wa barabara angelisoma akalitambua, na angejua hata siku ambayo Merer alichoka.

Sasa niwatoe Misri, niwarudishe Biharamulo, maana Misri ni mbali na moto ulituwakia hapa.

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara ulipita katika nchi ambayo wapagazi wa pwani waliita Usui. Ndiyo Rusubi, nchi ya Wasubi, mashamba yenu haya ya leo. Mkuu wake alikuwa Mwingereza, Kapteni John Hanning Speke, pamoja na mwenzake James Grant, wakitafuta chimbuko la Nile. Mtawala wa Usui, ambaye Speke alimwandika kwa jina la Suwarora, aliwatoza hongo ya shanga, nguo na waya hadi Speke akajaza kurasa kwa kulalamika. Mimi nikisoma hapo hutabasamu. Wazee wetu walijua kutoza ushuru.

Mtazameni vizuri mtu huyu, kwa sababu hakuwa mjinga wala mlaghai. Alikuwa na ala za kupimia nyota. Alipotaka kujua yuko umbali gani kutoka mstari wa ikweta, hakukisia. Alitazama jua na nyota, akasoma pembe, akapiga hesabu, akaandika. Alipotaka kujua urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari alichemsha maji na kusoma kipimajoto. Kwa nyota, alikuwa mtu wa ushahidi.

Tarehe 25 Novemba 1861 akafika kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe. Rumanika akamkaribisha kwa moyo, tena kwa Kiswahili kizuri. Speke mwenyewe amekisifu. Salamu hazijapoa, mgeni akaangalia nyuso za mfalme na ndugu yake, macho makubwa, pua zilizosimama, akakata shauri palepale: hii ni damu ya Uhabeshi. Hakuchimba kitu. Hakumwuliza mzee wa ukoo hata mmoja. Hakungoja hata usiku uingie ili apime tena, kama alivyozipima nyota! Nyota ilipewa hesabu na binadamu akapewa jicho moja la haraka.

Akaenda mbali zaidi. Alimweleza Rumanika kwamba yeye na watu wake wametokana na Wahabeshi, ambao ni Wakristo, na kwamba laiti Wahima, jamii yake ya wafugaji, wasingepoteza elimu ya Mungu nao wangekuwa Wakristo hadi leo. Yaani mgeni wa juzi anamfundisha mwenyeji babu yake ni nani. Na mwenyeji, ndugu zangu, ilimkaa vizuri. Nani asingependa kuambiwa ana undugu na wafalme wa Maandiko? Hapo ndipo mtego unapofungwa kila zama. Hadithi ya uongo haiji ikiwa na sura ya tusi, inakuja ikiwa sifa, na anayesifiwa hashtuki kuuliza ni nani aliyetukanwa upande wa pili.

Maana upande wa pili palikuwa na mtu. Kama walioleta ufalme, ng'ombe na akili walitoka Uhabeshi, basi mkulima mwenye migomba, mfua chuma, mtengeneza mitumbwi, hao ni nini? Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 Speke ameandika sura nzima juu ya historia ya Wahima, na mwenyewe ameiita nadharia. Katika utangulizi wa kitabu hichohicho amemtaja Mwafrika kuwa mwana wa Hamu aliyelaaniwa na baba yake awe mtumwa wa ndugu zake, na hali aliyotuona nayo akaihesabu kuwa uthibitisho wa Maandiko.

Fungueni Mwanzo sura ya tisa! Fungueni sasa hivi, msiningoje. Nuhu amelewa, amelala uchi, Hamu ameona, Nuhu ameamka na hasira zake. Aliyelaaniwa ni nani? Tafuteni jina la Hamu ndani ya laana ile. Halimo. Aliyetajwa ni Kanaani. Sasa geuzeni ukurasa msome sura ya kumi muone wana wa Hamu ni akina nani: Kushi yumo, Misri imo, na mjukuu wake Nimrodi ndiye mwenye Babeli. Mtu aliyebeba Biblia kutoka London hadi Karagwe hakuifungua kurasa mbili hizo kwa uangalifu aliowekea nyota. Na sisi wahubiri, Mungu atusamehe, tulimfuata. Nimewahi kusikia laana ya Hamu ikihubiriwa kwa Kiswahili, na Mwafrika, kwa Waafrika, nao wakaitikia amina.

Haikuishia hapo. Wasomi wa Ulaya waliokuja baadaye walimbadilisha Hamu. Yule aliyekuwa mlaaniwa mweusi wakamsafisha, wakamfanya mtu wa jamii ya Wazungu aliyeingia Afrika akiwa mchungaji wa ng'ombe na mleta ustaarabu. Mwaka 1930 Charles Seligman alitoa kitabu kilichotangaza kwamba staarabu za Afrika ni kazi ya Wahamiti hao. Mnaona ujanja? Mwanzo walisema Hamu amelaaniwa, kwa hiyo Mwafrika ni mtumwa. Halafu wakaona Waafrika wana falme, wakasema, aha, huyo aliyezijenga ndiye Hamu, tena si Mwafrika. Kwa vyovyote vile mwenye nyumba ametolewa nje.

Speke mwenyewe alikuwa ameshaumwa na nyoka wa aina hiyohiyo na hakujua. Kabla hajaondoka Zanzibar, balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, alimpa makala ya zamani yenye ramani, iliyoandikwa na Luteni Francis Wilford huko India, ikidai vitabu vitakatifu vya Wahindu wa kale vilijua chimbuko la Nile na Milima ya Mwezi. Speke akafurahi, akaiweka kitabuni. Ajabu ni kwamba Wilford alikuwa ameshaungama hadharani, zaidi ya nusu karne kabla, kwamba pandita, yaani msomi wa Kihindu, aliyemlipa kumtafutia habari hizo alikuwa akizitunga na kuzichomeka kwenye maandiko. Wilford alitaka sana kuona Misri ndani ya vitabu vya Kihindu, pandita akampa alichokitaka. Kiu ya kusikia jambo huzaa wa kulisema. Hata sokoni Benaco ukitafuta kwa nguvu simu ya bei poa, itapatikana, na usiku haitawaka.

Sasa nakuja kwenye mto, na hapa nitasema polepole.

Miaka ya 1930 Wabelgiji waliokuwa wakitawala Rwanda waliandika kabila kwenye vitambulisho: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Shuleni watoto wakafundishwa kwamba Mtutsi ni Mhamiti kutoka Uhabeshi, kazaliwa kutawala. Kwa miaka mingi hadithi ile ilikuwa sifa. Kisha siasa zikapinduka, na sifa ikageuzwa mashtaka: kama wametoka Uhabeshi, basi hawa ni wageni! Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mbele ya umati akasema kwao ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha.

Nyabarongo unaingia Akagera, ambao ndio Kagera wetu. Kagera unashuka Rusumo. Rusumo ni kwetu.

Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, hatuhitaji kitabu. Nilisimama upande wetu wa daraja siku moja ya mwisho wa Aprili. Maji ya Rusumo huanguka kwa kelele na povu lake hubaki likizunguka kwenye kisima chini ya maporomoko, nayo miili ilikuwa ikizunguka humo pamoja na povu, haitoki, hadi maji yaisukume. Baadhi mikono ilifungwa nyuma. Sikuhesabu. Jirani yangu alianza kuhesabu akaacha, akavua kofia, akabaki ameishika kifuani. Tarehe 28 na 29 za mwezi huo watu kama 250,000 walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, iliyokuwa kambi ya kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa mji kwa usiku mmoja. Miili iliendelea na safari. Uganda, kwenye mwambao wa ziwa, Kasensero, Ggolo na Lambu, wavuvi na wanakijiji waliopoa na kuzika zaidi ya elfu kumi.

Haya, nani atasema hadithi za kale ni burudani tu?

Sisemi Speke aliua. Aliyeua ni aliyeshika panga na aliyemtuma. Palikuwa na vita tangu mwaka 1990, palikuwa na uchu wa madaraka, palikuwa na ardhi finyu na redio iliyochochea usiku na mchana. Mmoja wa waanzilishi wa redio ile, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria kwa taaluma, nayo mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha ilimtia hatiani. Ninalosema ni hili: aliyetaka kuua alihitaji kwanza kumwambia jirani kwamba jirani yake si wa hapa, na maneno hayo hakuyatafuta mbali. Yalikuwa yameandikwa tayari, yakiwa na jalada zuri, na mtu aliyekuwa amepita Usui miaka 133 kabla.

Na mimi? Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu. Shule siitaji, kosa lilikuwa la mkono wangu. Nilikuwa na daftari la notisi nililorithi kwa mwalimu aliyenitangulia, nalo lilisema Wahima walitoka Ethiopia wakaleta ng'ombe wenye pembe ndefu na mfumo wa kifalme. Nikachora ubaoni mshale wa chaki, mrefu, kutoka Ethiopia hadi Karagwe. Mtoto mmoja wa Kihangaza, mama yake alikuwa na ng'ombe wawili, akanyoosha kidole: "Mwalimu, na sisi tulitoka wapi?" Nikamwambia asubiri mada inayofuata. Mada inayofuata ilikuwa kuja kwa Wajerumani! Kengele ililia nikafuta ubao. Vichwani mwao sikufuta. Mwaka uliofuata nilipokuwa nimesimama Rusumo, mshale ule niliuona juu ya maji.

Ndiyo maana leo siwezi kunyamaza mbele ya kijana na simu yake. Si wameeleza hapa! Nami niliwaeleza wenzako, mwanangu, kwa chaki.

Basi shika swali. Mtu akikwambia watu fulani walifundishwa na wageni, mwulize nani aliona, kimechimbwa nini, na kwa nini hao wageni hawakuacha lugha. Hili la lugha liwekeni mfukoni, ni jiwe dogo linaloangusha jitu. Wahima na wakulima wa Karagwe wanazungumza lugha moja. Ng'ambo ya mto, Mhutu na Mtutsi wanazungumza Kinyarwanda kilekile. Kihangaza chetu ni ndugu wa damu wa Kirundi. Hakuna kijiji hata kimoja hapa ambako bibi humbembeleza mjukuu kwa Kihabeshi. Watu walihama, sikatai, walihama kwa pande zote na kwa zama nyingi, wenye mbegu na wenye mifugo, wakaoana, wakagombana, wakazikana. Uhamaji wa namna hiyo haukai kwenye mshale mmoja wa chaki.

Na kimechimbwa nini? Hapa, wapendwa, inueni vichwa.

Juu kidogo, upande wa Bukoba, kuna mahali paitwapo Katuruka. Wazee wa Kihaya walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe alijenga pale mnara wa chuma apate kufika mbinguni aone kulivyo, ukaanguka. Palikuwa na mti mkubwa wa kuheshimiwa, Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa mfua chuma. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifanya ambalo Speke hakulifanya. Alikaa, akasikiliza wazee, akachimba walipoonyesha. Chini alikuta mabaki ya ufuaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1978, yeye na mhandisi Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi matanuri yetu yalivyopulizwa hewa kwa mabomba ya udongo yaliyoingia ndani kabisa ya moto, hivi kwamba hewa ilipashwa kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya kiasi cha joto hadi leo, na hilo ndilo ninalolipenda, maana wanabishana wakiwa na kipande mkononi. Palipo na kipande, mbishi anaweza kushindwa.

Msidhani ni sifa ya Wahaya peke yao. Warongo walizunguka misitu ya Biharamulo na Geita wakiyeyusha chuma, na majembe ya Bushubi yalijulikana mbali. Speke aliona nyumbani kwa Rumanika mikuki ya chuma, akausifu ufundi wake. Akasifu kazi, kisha akaandika kwamba akili ilitoka Uhabeshi.

Nyota nazo tusinyang'anywe. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini alikuwa akitoka nje alfajiri kutazama lile kundi dogo ambalo Waswahili wamelipa jina kilimia, kwa sababu linakwenda na kulima. Akilikuta pale alipolitaka, siku hiyohiyo majembe yanatolewa. Hakufundishwa na mgeni wa anga. Alifundishwa na njaa ya mwaka aliochelewa kupanda.

Ninalo na la kuwakemea, msidhani nimekuja kuwapaka mafuta tu. Wamo kati yetu waliochoka kuambiwa si kitu, wakaanza kujitungia zao. Huyu ukoo wake ni kabila la Israeli lililopotea, yule babu zake ndio waliojenga piramidi na jirani zao walikuwa wachukuzi wa maji. Ukimwuliza nani aliona, anakutumia video! Hilo ni koti la Speke limegeuzwa ndani nje, na mfuko wenye sumu bado umo. Nabii Amosi, sura ya tisa, mstari wa saba, aliwakatisha Israeli wenyewe majivuno ya namna hii: Mungu anawaambia kwamba kwake wao ni kama Wakushi, na kwamba aliyewatoa wao Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori. Kila mtu ametolewa mahali. Kutolewa mahali hakumpi mtu cheo juu ya jirani, wala hakumfanyi mgeni kwenye shamba alilozaliwa.

Kwa hiyo nawasihi, kwa huruma zake Mungu, na nyinyi walimu nawasihi mara mbili, futeni mshale ule. Nyinyi mnaochimba mashimo ya migomba, mkikuta mavi ya chuma au kipande cha bomba la udongo msikitupe kwenye kichaka, na msiwauzie wanunuzi wa chuma chakavu, maana kwao ni kilo na kwetu ni ushahidi. Msichimbe zaidi kwa tamaa ya dhahabu. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, toeni taarifa halmashauri. Nendeni kwa wazee wangali wanakumbuka majina. Leo wapo, mwakani tutawaimbia.

Yule kijana wa stendi nilimpa kazi. Nilimwambia, wewe una simu, mimi nina miguu mibovu, niletee kitu kilichoonekana. Jumapili baada ya Pasaka akaja na bodaboda, amefunga kiroba nyuma kwa mpira. Akakimwaga chini ya mwembe mbele ya kanisa. Mavi ya chuma, meusi, mazito, mengine yana mapovu yaliyoganda kama uji uliofurika, na katikati kipande cha bomba la udongo, urefu wa shubiri moja, mdomo wake umeyeyuka ukawa kioo cha kijani. Watoto wa shule ya Jumapili wakagombania kukishika. Tukachukua karatasi tukaandika: shamba la babu yake, upande wa kijito, chini ya mgomba wa tatu, kina cha goti. Akapiga picha kwa simu ileile yenye kioo kilichopasuka.

Kisha akachuchumaa, akaingiza kidole ndani ya bomba, akakizungusha. "Mzee, babu anasema tanuri moja lilitaka mabomba kama haya mengi, yamezunguka pande zote. Yeye alikuwa mtoto, aliona. Sasa aliyekuwa anavukuta alikuwa mmoja au walikuwa wengi?"

Nikamwambia arudi akamwulize kabla giza halijaingia. Akawasha bodaboda.